Esere: Haragwe la Kiapo Lililoingia Hospitalini

Karne ya 19, mtu aliyetuhumiwa uchawi kwa Waefik wa Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria ya leo, alinyweshwa maji ya esere, haragwe la mmea utambaao kandokando ya mito. Akitapika akapona, hana hatia. Akifa, kesi imekwisha.

Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh, alilitafuna kwa makusudi. Alipohisi sumu inamwingia, alikunywa maji aliyonyolea ndevu ili atapike. Hata hivyo mwili ulilegea na moyo ukapiga bila mpangilio. Alipona. Miaka tisa baadaye wakemia wa Ujerumani waliitenga sumu yenyewe: fisostigimini.

Siri yake imo kwenye kimeng'enya kimoja. Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Ujumbe ukishafika, kimeng'enya cha asetilikolinesterasi huivunja papo hapo, na msuli unapumzika. Fisostigimini hukishika kimeng'enya hicho mahali pale pale pa kuvunjia, kikakosa nafasi ya kufanya kazi. Asetilikolini inarundikana. Mate na machozi yanachuruzika, mboni za macho zinasinyaa, misuli inatetemeka kisha inagoma. Ikigoma ile ya kifua, mtu hukata pumzi.

Sasa mfikirie mgonjwa ambaye ujumbe wa neva zake ni hafifu mno: kwake mrundikano huo ni msaada. Mwaka 1934, katika hospitali ya Greenwich, London, daktari Mary Walker alimdunga fisostigimini mwanamke mwenye miasthenia, maradhi ya kulegea misuli. Kwa saa chache nguvu zikamrudia. Mwaka uliofuata Percy Julian, Mmarekani mweusi ambaye babu yake alizaliwa utumwani, akaiunda dawa hiyo maabarani pamoja na Josef Pikl, kazi iliyowashinda wakemia wenye majina makubwa. Rivastigimini, inayotolewa leo kwa wagonjwa wa Alzheimer, ni ya ukoo huohuo.

Umbo la molekuli ya fisostigimini liliwapa wakemia viuadudu vya kabamati, vinavyopulizwa hata kwenye mashamba ya mboga ya Afrika Mashariki. Kimeng'enya ambacho dawa hizo hukishambulia kwa mdudu, na mkulima anacho. Kwa hiyo vaa glavu na barakoa unapopulizia, na usile kabla ya kunawa. Mate yakizidi na kifua kikibana, kimbilia hospitali ukiwa na chupa ya dawa mkononi: daktari akiisoma lebo atajua ni kimeng'enya gani kimefungwa.