Mbwa Aliye Kazini

Sisi wa Kibiti twamjua mbwa alindaye shamba dhidi ya nguruwe na ngedere. Lakini yuko mbwa mwenye kazi nyingine. Mwaka 1916, mjini Oldenburg, Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Siku hizi, huko Marekani, hata watoto wenye ulemavu hupewa mbwa wa kuwasaidia, nao huenda nao kwenye bustani za michezo.

Mbwa mgeni huzoezwa kwanza mahali patulivu. Hata mpiga kasia mwanafunzi wa Delta haanzii mlango wa bahari. Mzazi huigusa ardhi kwa mgongo wa mkono: ikimchoma, itamwunguza na mbwa nyayo.

Wasomaji, tukikutana naye tusimwite, tusimguse, wala tusimpe chakula. Akitugeukia sisi, mtoto yule amebaki peke yake.