Fuvu la Mtoto Lifungapo Mapema

Fuvu la mtoto mchanga si mfupa mmoja. Ni vipande kadhaa, na maungio yake huwa wazi ili ubongo upate kukua. Pengine ungio moja hufunga kabla ya wakati, kichwa kikarefuka au kikapinda, na mama akipapasa husikia mstari mgumu ulioinuka. Kukanda kwa mafuta hakulifungui.

Zamani kisu kiliogopwa, wala si bure: mwaka 1894 tabibu Jacobi wa New York aliwakemea wenziwe kwa kupasua watoto ambao ugonjwa wao haukuwa huo, wengine wakafa. Siku hizi mtoto akiletwa kabla ya miezi 4, mpasuaji aweza kuliondoa ungio kwa matundu madogo, kisha mtoto huvikwa kofia ngumu miezi kadhaa. Akichelewa, mfupa umekwisha kukaza, na fuvu hupasuliwa pana.