Metali za Kiasi Kidogo katika Maji ya Bahari: Usafi wa Sampuli kama Msingi wa Maarifa

Lita moja ya maji ya bahari huwa na takribani gramu 35 za chumvi. Chuma kilichoyeyuka katika tabaka la juu la bahari kuu, kwa upande wake, mara nyingi hakifiki nanomoli moja kwa lita. Kiwango hicho ni sawa na gramu moja iliyotawanywa katika lita zipatazo milioni 18. Kwa hiyo, kutu ya meli, waya wa kushushia chupa na vumbi la maabara vinaweza kuingiza katika sampuli chuma kingi kuliko kilichomo baharini.

Kabla ya miaka ya 1970, vipimo vingi vya metali hizi vilionesha uchafuzi wa aina hiyo. Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani aliyekadiria umri wa dunia mwaka 1956, alibainisha tatizo hilo kuhusu risasi na kusisitiza kazi ifanyike katika maabara safi. Tangu hapo, watafiti hutumia chupa zisizogusana na metali, kamba za nyuzi sintetiki badala ya waya, vichujio vilivyooshwa kwa asidi, na hewa iliyochujwa.

Usafi huo ulizaa matunda. Mwaka 1976 Edward Boyle na wenzake walionesha kuwa kadmi hufuata fosfati: ni haba juu na huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka. Uchafuzi wa kubahatisha hauwezi kujipanga hivyo kina baada ya kina. Ndiyo maana ulinganifu na michakato ya bahari inayojulikana ukawa kigezo cha kupima ukweli wa data. Kwa kigezo hicho, makundi matatu hutofautishwa. Zinki na kadmi hufyonzwa na planktoni juu na kurejeshwa majini chini. Aluminiamu na risasi hunata kwenye chembe zinazozama. Molibdeni husambaa karibu sawasawa na chumvi.

Aidha, usafi ulijibu swali la siku nyingi: kwa nini Bahari ya Kusini na sehemu za Pasifiki zina naitreti na fosfati tele ilhali mimea yake midogo ni haba? Mwaka 1988 John Martin na Steve Fitzwater waliripoti kuwa maji ya kaskazini-mashariki mwa Pasifiki yalipoongezewa chuma kidogo, planktoni ilistawi. Chuma huhitajika katika usanisinuru, lakini katika maji yenye oksijeni huyeyuka kwa shida. Martin alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya dhana yake kujaribiwa karibu na visiwa vya Galápagos katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 64. Klorofili iliongezeka, na jaribio la mwaka 1995 likaleta ongezeko kubwa zaidi.

Hata hivyo, kustawi kwa planktoni si uthibitisho kwamba kaboni imezama na kubaki kilindini. Sehemu kubwa huliwa au kuoza karibu na uso wa bahari na kurudi kuwa kaboni dioksidi. Hivyo basi, pendekezo lolote la kurutubisha bahari ili kupunguza joto la dunia halina budi kupimwa kwa kaboni inayofika kilindini, si kwa rangi ya maji. Nayo hoja hiyo hutegemea vipimo ambavyo uhalali wake huanzia kwenye usafi wa chupa.