Ruzuku ya Jiko: Nani Atajaza Mtungi?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Handeni na Korogwe

  Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno moja kwa herufi kubwa: RUZUKU. Sasa lisomeni wote pamoja, polepole: ru-zu-ku. Vyema.

Leo tutajifunza maana ya neno hili, kwa sababu siku hizi linatajwa sana pamoja na habari za majiko. Mtu akifika kijijini kwenu na mitungi ya gesi akasema, "Hii ni ya ruzuku," yafaa ujue anasema nini, na nini hakusema.

Maana ya ruzuku

Ruzuku ni fedha ambayo serikali hutoa ili kupunguza bei ya kitu. Kitu kile hakiwi cha bure. Bei yake hugawanywa: sehemu moja hulipa serikali, na sehemu nyingine unalipa wewe mnunuzi. Wakulima mnaijua mbolea ya ruzuku, iliyouzwa kwa bei nafuu katika msimu wa 2022/2023. Na umeme wa vijijini vilevile. Mtu wa kijijini hulipa shilingi 27,000 kuunganishiwa umeme, lakini nguzo, waya na mita vina thamani kubwa zaidi ya hiyo. Kilichobaki hulipwa na serikali.

Fedha hiyo hutoka wapi? Hutoka katika kodi, na nyingine katika misaada na mikopo ambayo nchi itailipa. Kwa hiyo ruzuku si sadaka. Ni fedha yenu wenyewe, inarudi kwenu kwa njia nyingine. Basi mnayo haki ya kuuliza maswali.

Nchi tajiri nazo hutoa ruzuku. Huko Ulaya kuna baridi kali, na nyumba hupashwa moto miezi mingi ya mwaka. Katika England na Wales, mwaka 2023 ruzuku kwa mwenye nyumba anayeacha kupasha nyumba kwa gesi na kufunga mtambo wa umeme uitwao pampu ya joto ilipandishwa hadi pauni 7,500. Sisi wa Handeni hatuna haja ya kupasha nyumba moto, jua linatutosha. Moto wetu ni wa kupikia, na ruzuku yetu iko jikoni.

Kwa nini jikoni?

Hesabu za serikali za miaka ya karibuni zilionyesha kwamba katika kila nyumba kumi za Tanzania Bara, karibu tisa zilipikia kuni au mkaa. Zimetajwa pia hasara mbili kubwa. Ya kwanza ni misitu: inakadiriwa kwamba hekta 469,420 hupotea kila mwaka, kwa mkaa, kuni, mashamba na sababu nyingine. Ya pili ni moshi: inakadiriwa kwamba Watanzania 33,000 hufa kila mwaka kwa maradhi yanayoletwa na moshi wa jikoni. Wengi wanaouvuta ni kina mama, na watoto walio mgongoni mwao.

Hayo ya misitu hatuhitaji kusimuliwa. Ukipita barabara kuu kati ya Mkata na Segera utaona magunia ya mkaa yakingoja magari. Wazee wa Handeni wanakumbuka mahali palipokuwa na miti mikubwa, na leo ni vichaka. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Lakini tuseme kweli yote. Mkaa huo ndio unaolipia sare za shule na dawa katika nyumba nyingi, hasa mvua ikikosekana na mahindi yakikauka. Mchoma mkaa si adui. Yeye naye anatafuta riziki, na anayenunua mkaa huo mjini ana sehemu yake katika jambo hili.

Serikali imefanya nini?

Mwezi wa Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Kazi ya vijijini imewekwa mikononi mwa Wakala wa Nishati Vijijini, ambao kwa kifupi huitwa REA.

Katika mwaka wa fedha 2024/2025 REA ilipanga kusambaza mitungi ya gesi ya kilo 6, pamoja na vichomeo vyake, kwa nusu bei. Kila wilaya ya Bara ilipangiwa mitungi 3,255, na Handeni na Korogwe ni miongoni mwa wilaya hizo. Mnunuzi alitakiwa kuonyesha kitambulisho chake cha Taifa, ili mtu mmoja asichukue mitungi kumi akaenda kuiuza tena. Nusu yake aliilipa palepale, na nusu ya pili muuzaji alilipwa na serikali. Majiko banifu ya kuni na mkaa nayo yamesambazwa kwa bei ya ruzuku.

Sasa tufanye hesabu

Chukueni madaftari. Nambari hizi ni za kujifunzia tu. Bei ya kwenu muulizeni muuzaji.

Tuseme mama mmoja wa Mkata hununua mkaa wa shilingi 1,000 kila siku. Kwa siku 30 ametumia shilingi ngapi? Elfu moja mara thelathini ni 30,000.

Tuseme tena amepata mtungi wa ruzuku, na kuujaza ni shilingi 24,000, na kwa jamaa yake ndogo gesi hiyo hutosha siku 30. Kila siku moto wake ni wa shilingi ngapi? Gawa 24,000 kwa 30. Jibu ni 800. Basi gesi imemwokolea shilingi 200 kila siku.

Mbona basi mitungi mingine imewekwa uvunguni, tupu? Fikirini kidogo kabla sijajibu.

Jibu ni hili. Mkaa huuzwa kwa kopo. Leo una elfu moja, unapika. Kesho unatafuta elfu nyingine. Lakini mtungi ukiisha siku ya thelathini unadai 24,000 kwa mara moja. Mtu anayepata fedha kidogo kidogo hana 24,000 mkononi siku hiyo. Hurudi kwenye mkaa, na mtungi hulala.

Ruzuku imenunua mtungi. Haikununua gesi ya mwezi ujao. Shikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo la leo.

Wenzetu wa India wameliona jambo hili. Mwaka 2016 serikali yao ilianza kuwapa wanawake maskini vifaa vya gesi, na kufikia Septemba 2019 nyumba milioni 80 zilikuwa zimepata. Ni kazi kubwa sana. Lakini wengi waliendelea kupikia kuni, kwa kuwa kujaza kulikuwa ghali. Mwaka 2022 serikali hiyo ikaanza kutoa ruzuku ya rupia 200 kwa kila mtungi unaojazwa, na mwaka 2023 ikaiongeza kuwa 300. Walijifunza kwamba kumpa mtu jiko hakutoshi ikiwa hawezi kuuwasha moto.

Nani atajaza mtungi?

Njia moja ni kibubu. Mama yule wa Mkata akitia shilingi 800 katika kibubu kila siku, siku ya thelathini anazo 24,000, na zile 200 zimebaki kwake. Njia ya pili ni kikundi cha kuweka na kukopa: wanachama wakubaliane kukopeshana fedha za kujaza. Na baba wa nyumba naye asikilize. Fedha ya moto isiachwe kuwa shida ya mama peke yake. Chakula kinaliwa na wote.

Wengine husema, "Mimi sinunui mkaa. Naokota kuni bure." Haya, tuhesabu. Ukienda kuni mara tatu kwa wiki, na kila mara ni saa tatu, hizo ni saa 9. Kwa wiki nne ni saa 36. Siku ya kazi ina saa 8. Kwa hiyo umetoa siku nne na nusu kila mwezi. Je, siku hizo shambani zingekupa nini? Kuni za bure zina bei, ila hailipwi kwa shilingi.

Njia nyingine

Gesi ya mtungi haina moshi mwingi, lakini hutoka chini ya ardhi katika nchi za nje na huletwa kwa meli. Iko nishati isiyokwisha hapa kwetu. Mwenye ng'ombe wawili au zaidi wanaolishwa zizini anaweza kujenga mtambo wa gesi ya samadi. Samadi huchanganywa na maji ndoo kwa ndoo, gesi huwaka jikoni, na masalia ni mbolea nzuri ya shamba. Pale Hale, wilayani Korogwe, hata masalia ya mkonge yamewahi kutumika kutoa gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme. Tangu mwaka 2009 ulikuwapo mpango wa taifa wa gesi ya samadi, chini ya CAMARTEC ya Arusha, nao pia ulianza kwa kutoa ruzuku ya ujenzi. Walio karibu na mto Pangani wana maji. Lakini Handeni, ambako ng'ombe huchungwa mbali na ndoo ya maji hutafutwa kwa jasho, fikirini kwanza.

Mwenye umeme anaweza kutumia jiko la presha la umeme. Maharage huiva kwa umeme usiofika yuniti moja. Na asiyeweza yote hayo aanze na jiko banifu. Likitengenezwa vizuri huweza kupunguza kuni hadi nusu. Hiyo nayo ni hatua.

Kabla ya kutoa fedha yako

Uliza maswali manne. Bei yake ya kawaida ni ngapi, na serikali imelipa ngapi? Kujaza ni shilingi ngapi, na dukani ni umbali gani? Kifaa kikiharibika, nani atatengeneza? Risiti yangu iko wapi? Huna haja ya kuona haya. Sasa unajua kusoma. Soma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Na ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Ruzuku ni nini? Tajeni mifano miwili.
2. Nyumbani kwako moto wa siku moja hugharimu shilingi ngapi, au saa ngapi?
3. Ikiwa kujaza mtungi ni shilingi 27,000 na gesi hutosha siku 30, utatia shilingi ngapi katika kibubu kila siku?
4. Mchoma mkaa wa kijiji chenu akiacha kazi hiyo, atakula nini? Jadilianeni, kisha mwalimu aandike majibu.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Mkirudi nyumbani leo, kabla hamjalala, tazameni jikoni, mfanye hesabu.