Kengele ya Mtihani na Mama wa Mghange

Muuguzi aliyesomea Voi anaweza kujikuta kazini Mghange, juu kwenye milima ya Taita. Huko, mama akivuja damu baada ya kujifungua, safari ya kumteremsha hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi hushuka milima kwanza kabla ya kufika tambarare. Ndiyo maana wanafunzi wa uuguzi wanapousema vibaya mtihani wa vitendo, sioni kuwa wanadeka. Wanagusa usalama wa mama huyo.

Mtihani wenyewe, OSCE, ulibuniwa na Ronald Harden na wenzake huko Dundee, Uskochi, wakauchapishia makala mwaka 1975. Zamani mtahiniwa alitegemea bahati: mgonjwa mwepesi na mtahini mpole, amepita, mgonjwa mgumu na mtahini mkali, amekwama. Harden akapanga vituo, kila kimoja na kazi yake na dakika zake chache. Kengele ikilia, unahama. Kazi ni ile ile kwa wote, na alama hutiwa kwenye orodha iliyoandaliwa mapema.

Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha West Indies, Jamaika, walipoulizwa, maoni yao yakachapishwa mwaka 2004, wengi waliuona mtihani huu kuwa wa haki na wenye kugusa mengi, lakini wakasema unatia wasiwasi na muda wa baadhi ya vituo hautoshi. Malalamiko ya wanafunzi wa uuguzi kwingineko yanafanana sana na hayo. Mimi nawaamini kwa yote mawili. Haki haiondoi kutetemeka, na mkono unaotetemeka kwa kuogopa saa hauonyeshi kwa hakika kile mwenye mkono anachokijua.

Ila kuna pengo ambalo kengele pekee haielezi. Chukua kituo cha kuzuia uvujaji wa damu. Mwanafunzi anadunga sanamu oksitosini yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, anapata alama zake. Dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Je, umeme ulikatika usiku? Friji ilisomwa lini? Dawa iliyopoteza nguvu huingia sindanoni vizuri kabisa, na kila hatua ya orodha inapata alama, huku damu ya mama ikiendelea kutoka. Orodha inayohesabu mikono tu haiwezi kumwona muuguzi aliyesita akakagua friji kwanza, na huyo ndiye ningependa awe zamu.

Sisemi OSCE ifutwe. Turudi kwenye bahati? Kiwekwe kituo kimoja chenye kifaa kilichokosekana kwa makusudi, mwanafunzi aeleze angefanya nini. Na baada ya mtihani mtahini amwambie kila mmoja alipoteleza wapi, siku hiyo hiyo, kabla hajapelekwa wodini.