Kofia Ngumu na Dereva Anayekuja Nyuma

Ian Walker, wakati huo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bath nchini Uingereza, aliifungia baiskeli yake kifaa cha kupima umbali pamoja na kamera ndogo, kisha akaingia barabarani katika miji ya Salisbury na Bristol. Safari nyingine alivaa helmeti, nyingine alikwenda kichwa wazi. Kila gari lililompita, kifaa kiliandika nafasi iliyobaki kati yake na gari hilo. Alipomaliza alikuwa na rekodi za magari zaidi ya 2,300, na rekodi hizo zilionyesha kwamba alipovaa helmeti madereva walimkaribia zaidi, kwa wastani wa sentimita 8.5. Katika kazi hiyohiyo aligongwa mara mbili, mara moja na basi, mara moja na lori, na mara zote mbili helmeti ilikuwa kichwani. Alijaribu hata kuvaa wigi la nywele ndefu ili anayetoka nyuma amdhanie mwanamke. Madereva wakampa nafasi zaidi.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2007, na ubishi wake haujaisha hadi leo. Kila panapozuka mazungumzo ya usalama wa baiskeli, hakosekani wa kusema kwamba helmeti ni mtego: aliyeivaa anajiona chuma, na dereva naye anamwona kama mtu asiyeumia. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, na ndiyo sababu inafaa ichambuliwe polepole, maana mzazi akiisadiki ataiacha helmeti ya mwanawe ukutani. Swali la kichwa na swali la tabia ni mambo mawili tofauti, na ushahidi wake hautoki mahali pamoja.

Tuanze na kichwa. Ukiipasua helmeti ya baiskeli, chini ya ganda jembamba la plastiki utakuta povu jeupe gumu, lilelile linalozuia televisheni isivunjike ndani ya boksi. Kinga yenyewe ni povu hilo, wala si ganda. Kichwa cha mtu mzima, chenye kilo nne na nusu hadi tano, kikianguka kutoka mita moja na nusu hufika chini na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Kikikutana na lami hivyohivyo, husimama ndani ya milimita chache, huku ubongo ukiendelea na safari mpaka ugonge mfupa. Povu likiwepo, vijiputo vyake hupondeka safu kwa safu na kichwa husimama taratibu zaidi, ndani ya sentimita mbili hivi. Sentimita hizo mbili zinaweza kumtenganisha anayeinuka akijipangusa vumbi na anayepelekwa chumba cha upasuaji. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1078 kimejengwa juu ya hesabu hiyo: helmeti hudondoshwa kwenye chuma bapa kwa mwendo wa takriban kilomita 20 kwa saa, na mshtuko unaofika kwenye kichwa cha majaribio usizidi mara 250 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Hapo ndipo unapoona mpaka wake. Helmeti imetengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeteleza, aliyeingia shimoni, aliyerushwa na baiskeli akaangukia kichwa. Haikutengenezwa kwa ajili ya basi linalokuja na mwendo wa kilomita 80.

Je, kinachoonekana maabara kinaonekana pia hospitalini? Mwaka 1989 watafiti wa Seattle, Marekani, waliwalinganisha wapanda baiskeli walioumia kichwa na walioumia sehemu nyingine za mwili. Wakasema helmeti hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 85. Namba hiyo ilizunguka dunia nzima na kubandikwa kwenye mabango, nami nadhani ilisifiwa kupita kiasi. Mtu anayevaa helmeti mara nyingi hutofautiana na asiyevaa kwa mengi mengine: barabara anazopita, uwezo wa nyumbani kwao, uangalifu wake. Ukisahau hayo utaipa helmeti sifa ambayo kwa sehemu ni ya mvaaji.

Kilichofuata ni miaka ya kusahihisha. Mwaka 2017 Jake Olivier na Prudence Creighton wa Australia walizikusanya pamoja tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000. Asilimia 85 haikubaki, lakini kilichobaki si kidogo: uwezekano wa kuumia kichwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 51 kwa waliovaa, wa kuumia vibaya kichwani asilimia 69, na wa kufa kwa jeraha la kichwa asilimia 65. Hofu ya siku nyingi kwamba helmeti huvunja shingo haikupata ushahidi. Kwangu swali la kichwa limejibiwa. Ila angalia jibu lenyewe linahusu nani: watu ambao tayari wameanguka. Halisemi kama helmeti iliwafanya waanguke mara nyingi zaidi.

Tuje kwenye tabia. Wazo kwamba kinga huzaa uzembe lilipata nguvu mwaka 1975, Sam Peltzman, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alipodai kwamba mikanda ya magari na kanuni nyingine za usalama hazikupunguza vifo kama ilivyotarajiwa. Kwa maelezo yake, dereva aliyejiona salama aliongeza kasi, na sehemu ya hatari ikahamia kwa waenda kwa miguu. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba mikanda inaokoa watu wengi kweli. Lakini wazo lake halikufa, na si la kipuuzi. Sote tunamjua mtu ambaye akifunga breki mpya anakimbia zaidi.

Kwa helmeti, jaribio linalotajwa sana ni la mwaka 2016. Mtafiti Tim Gamble na Walker yuleyule waliwaweka watu 80 mbele ya kompyuta wajaze upepo puto la kwenye skrini: kila pampu inaongeza zawadi, puto likipasuka unakosa. Nusu yao walivishwa helmeti ya baiskeli na nusu kofia ya kawaida, wakaambiwa ni ya kushikilia kifaa cha kufuatilia macho. Waliovaa helmeti walijihatarisha zaidi. Ni matokeo ya kuvutia, lakini hakukuwa na baiskeli chumbani wala barabara. Kuyachukua kutoka kwenye puto hadi kwenye mzunguko wenye malori ni kuruka hatua kubwa.

Mimi naupa uzito zaidi utafiti wa Norway wa mwaka 2011, kwa sababu ulifanyika juu ya baiskeli. Watu walishuka mteremko mara wakiwa na helmeti, mara bila helmeti. Waliozoea kuvaa walipunguza mwendo walipoivua. Wasiozoea walipovishwa hawakuongeza kitu. Kama helmeti ingekuwa inawapandisha watu kichwa, hao wa pili ndio hasa wangetakiwa kukimbia. Watafiti wa nchi hiyohiyo walieleza pia kwa nini takwimu za ajali hutudanganya: wapo wapanda baiskeli wanaopenda mbio, wenye baiskeli nyepesi na vifaa vyote, na helmeti ni sehemu ya vifaa hivyo. Hao huumia zaidi kwa sababu wanakimbia, na walikuwa wanakimbia kabla ya kuinunua. Mapitio ya mwaka 2019 yaliyokusanya tafiti 23 yalikuta mbili tu zinazounga mkono waziwazi dai la uzembe. Nyingi, 18, hazikuliunga mkono.

Basi na dereva wa nyuma? Data za Walker za Bristol na Salisbury zilichambuliwa upya mwaka 2013 na Olivier pamoja na Scott Walter. Walisema kilichofaa kutazamwa ni magari yaliyopita ndani ya mita moja, maana hayo ndiyo ya hatari, na walipoyatazama hayo, athari ya helmeti haikuonekana tena. Walker hakukubali, na alirudi kujibu. Kwa maoni yangu huenda tofauti ipo, ila ni ndogo, sentimita chache ndani ya wastani unaozidi mita moja. Kazi yake ya baadaye ndiyo iliyonishtua zaidi. Mwaka 2014 yeye na wenzake walichapisha jaribio la mavazi saba tofauti, kuanzia nguo za mashindano hadi koti la kung'aa la mtu anayejifunza. Vazi moja tu lilibadilisha mwenendo wa madereva, lile lililotaja polisi na kusema safari inarekodiwa. Lakini hata ungevaa nini, dereva mmoja au wawili katika kila 100 walipita ndani ya sentimita 50. Kwa anayekwenda kazini kila siku na kupitwa na mamia ya magari, hao ni wengi, na hakuna duka linalouza nguo ya kuwabadilisha.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu helmeti, basi, si kichwa cha anayeivaa. Ni ofisi ya anayepanga barabara, anayeweza kudhani sheria ya helmeti inatosha. Jimbo la Victoria, Australia, lilikuwa la kwanza duniani kuilazimisha kisheria, Julai 1990. Ndani ya mwaka mmoja uvaaji ulipanda kutoka asilimia 31 hadi 75, na majeraha ya kichwa yakashuka sana. Lakini hesabu za Melbourne zilionyesha pia wapanda baiskeli walipungua, kwa kiasi ambacho bado kinagombaniwa. Wakipungua barabarani, madereva huzoea kutowaona. Kaunti ya King, ambamo mna Seattle yenyewe ya utafiti wa 1989, iliifuta sheria yake Februari 2022, baada ya kuonekana kwamba faini ziliwaangukia zaidi Wamarekani weusi na watu wasio na makazi. Ushauri wa kuvaa helmeti uliendelea kutolewa. Uholanzi nayo ilikabiliana na vifo vya zaidi ya watoto 400 barabarani mwaka 1971 kwa kupunguza mwendo wa magari na kujenga njia za baiskeli, na hadi leo Waholanzi wengi huendesha kichwa wazi.

Kwa bodaboda, hata hivyo, nasimama upande wa sheria bila kusita. Pikipiki ina kasi, na mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha helmeti inapunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Helmeti inayoning'inia kwenye usukani ikisubiri trafiki aonekane haimlindi mtu. Lakini anayebeba maziwa au mkaa kwenye baiskeli yake ya Black Mamba, ukimtoza faini kwa kukosa helmeti, utakuwa umemnyang'anya chakula cha siku, na lori litapita karibu naye vilevile. Sera ya mwaka 2015 ya Nairobi iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli. Ahadi ya namna hiyo ikitekelezwa itaokoa vichwa vingi kuliko kanuni yoyote ya mavazi, na wanaopaswa kuidai ni sisi wapiga kura.

Wakati hayo yanadaiwa, vaa, na umvishe mtoto. Kwenye mitumba, ipeleke helmeti kwenye mwanga wa jua, uigeuze na kulikagua povu lote. Ikiwa na ufa, au mahali palipobonyea, iache hata kama ganda linang'aa, kwa sababu povu lililopondeka halirudi. Tafuta kibandiko cha EN 1078 ndani yake. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe kisogoni, na mkanda wa kidevuni ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja. Ikitikisika unapotikisa kichwa, hiyo si saizi yako.