Mama Kayai, mke ambaye hakuwa mke

Wengi kati yetu waliopita Nairobi kwa masomo, biashara au ukimbizi wanamjua Mama Kayai. Jina lake la kweli ni Mary Khavere. Kwa miaka mingi Wakenya walimwona katika Vitimbi, mchezo wa kuchekesha wa televisheni ya taifa, KBC, akiwa mke wa Mzee Ojwang.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa muda mrefu stesheni ilikuwa hiyo moja tu ya serikali. Kwa hiyo mchezo ulipopita jioni, nyumba yenye televisheni ilijaa majirani, na wote walitazama kitu kimoja. Mama Kayai aliingia hivyo katika nyumba za watu. Alikuwa mke mwenye kauli, asiyemwachia mume maneno ya mwisho. Watu waliwazoea sana hao wawili hata wakaamini ni mume na mke kweli. Sivyo. Walikuwa wafanyakazi wenzi, kila mmoja na nyumba yake.

Na kuna jambo lingine ambalo sisi wa Kivu tungelitazama vizuri. Mzee Ojwang alisema Kiswahili cha Mjaluo, na kila mtu alicheka. Lakini aliyecheza, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Makabila hayo mawili yamegombana katika siasa ya Kenya tangu miaka ya 1960, na hapa Mkikuyu alikuwa Mjaluo aliyependwa na Wajaluo wenyewe! Naona sababu ni hii: Ojwang na Mama Kayai hawakuwa watu wa kudharauliwa. Walichekesha kwa sababu ya ujanja, wivu na majivuno, mambo ambayo kila nyumba inayo. Lafudhi ilikuwa kama nguo tu.

Kwetu mara nyingi ni kinyume. Vijana wakicheza mchezo wa Noeli kanisani, mwizi au mjinga hupewa lafudhi ya kabila fulani, na kanisa zima hucheka isipokuwa benchi moja. Mchungaji anayekaa mbele haoni benchi hiyo.

Tusiseme kwamba kicheko kiliiponya Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,000 waliuawa.

Umaarufu nao haukuleta mali. Wanjau alipougua macho uzeeni, ilibidi watu wachange fedha ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Na mjane wake hakuwa Mary Khavere.